Tofali Nililopeleka Posta

Kijana akiniambia watu wa Kariakoo hawajali mambo ya hali ya hewa, simbishii. Namuuliza kitu kimoja tu: ulichungulia chini ya mzigo? Akinitolea macho, najua huyo bado hajaanza kazi, hata awe na vyeti vya kujaza kabati.

Mimi naitwa Tausi. Mlionikuta kazini mnaniita Mama Dodoso, na msidhani sijui kwamba mkiwa wenyewe mnaniita Mama Ukali. Sawa, nimepokea. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mdadisi: kuzunguka na maswali, kuuliza watu wanafikiri nini, kuandika walichosema bila kuongeza chumvi. Nimeuliza kuhusu sabuni, chandarua, uzazi wa mpango, redio wanayosikiliza. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ya mabadiliko ya tabianchi, na hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Ndiyo pia niliyoiharibu kuliko zote. Nitawaambia yote mawili, maana mtu mzima anayewasimulia ushindi mtupu anawadanganya.

Kuna jambo moja kwanza. Katika kazi yetu jina la mtu aliyekujibu halitoki nje, hata kwa mumeo, hata kwa mchungaji wako au shehe wako. Katika wote walionijibu, hapa nitamtaja mmoja tu kwa jina lake, na mkifika mwisho mtajua kwa nini sijavunja kiapo.

Siku yangu ya kwanza Kariakoo nilikuwa binti mwembamba, msinicheke, nilikuwa mwembamba kweli. Nikajivalia kizibao kile cha rangi ya limau kinachong'aa, nikashika ubao wa kuandikia, nikajiona mtu wa maana. Nikakunja kona kwa madaha. Kumbe kwa wamachinga mtu mwenye kizibao na ubao ni mtu wa jiji amekuja kuwafukuza. Mtaa mzima ukakunja maturubai, wakabeba viatu na mabeseni, wakatimua. Na mimi nikatimua! Nilijua gari la mgambo limeingia. Nimekimbia nao hadi Msimbazi, kandambili mkononi, ndipo kaka mmoja mwenye rundo la mabeseni kichwani akageuka, akaniona, akapiga kelele: "Dada yangu, bado unatufuata tu? Tumekukosea nini?" Walikuwa wananikimbia mimi.

Msimamizi wangu siku zile alikuwa Mama Nkya, Mchaga wa Marangu, mrefu, mkali, asiyejua kunong'ona. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini kwenye mfuko wa saruji wa watu. Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akasema, "Kesho njoo na nguo unayovaa ukienda kununua mchicha. Na sikiliza, Tausi. Kabla hujamuuliza mtu swali lolote, tazama nani mwingine anasikia. Usimuulize mtu swali ambalo ukweli wake utamuumiza mbele ya aliyesimama pale."

Nikaitikia ndiyo mama. Vijana wote mnaitikia ndiyo mama.

Alinifundisha mengi, na mimi nawapa bure. Duka la jumla usiliingie kabla mwenyewe hajauza cha kwanza. Mtu ambaye hajafungua siku anakuona wewe ndiye nuksi yake. Ijumaa mchana wenye maduka wengi wanakwenda kuswali, usibaki mlangoni unagonga vioo. Kalamu nyekundu iache nyumbani, inawakumbusha watu walimu wao. Mtu akianza kulia au kutukana, weka kalamu chini, sikiliza, utaandika ukifika kwenye kona. Na ukikaribishwa kahawa, pokea, ila nenda nayo taratibu, kwa sababu kikombe kikiisha na mazungumzo yameisha. Niliwahi kukaa na kikombe kimoja, vile vidogo vya kuzungushwa mtaani, hadi mwenye duka akaniuliza kama nakinywa au nakilea.

Enzi zetu yalikuwa makaratasi. Mvua ikitukuta, madodoso yanalowa chapachapa, tunayapiga pasi moja moja sebuleni kwa Mama Nkya, na mumewe anapita pale anatikisa kichwa. Kisha mkaja na vishikwambi vyenu. Siku ya kwanza nilibonyeza pasipopaswa, mama wa watu mwenye watoto wanane nikamwandika hajawahi kuzaa. Aliposoma kwenye kioo aliniambia, "Bibi weye, njoo nyumbani saa ya chakula ujionee." Baadaye nilikizoea. Lakini kishikwambi kina ubaya wake: kinakubali jibu lolote utakalokipa, hakikunji uso. Mama Nkya alikuwa akisoma dodoso lako anakunja uso, na unajua umeharibu wapi.

Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kazi ya tabianchi ilipokuja. Ndiyo maana hakuna aliyenikunjia uso.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa hali ya hewa wanatoa tahadhari, redio zinasoma, simu zinaita, na bado mvua ikishuka watu wanakutwa palepale walipo. Waliotuajiri walitaka kujua watu wanafikiri nini kuhusu tabianchi: wanaona imebadilika? Wanaogopa? Wakiambiwa kwa maneno gani watasogea? Kutokana na majibu yetu, tahadhari ziandikwe upya, na ipangwe mitaa gani ifikiwe kwanza kabla ya masika. Kiongozi wa utafiti alikuwa Dokta Kisanga, kijana msomi, mpole, shikamoo haimpiti. Mimi nilikuwa msimamizi wa wadadisi sita wa katikati ya mji.

Neno lenyewe, tabianchi, lilitutesa. Ukilitamka tu, mtu anakaa vizuri, anasafisha koo, anakujibu kama yuko kwenye runinga: "Ni changamoto, serikali ituangalie." Hapo hujapata kitu, umepata hotuba. Nikawaambia wadadisi wangu, achaneni na neno hilo, ulizeni biashara. Mama wa nyanya atakueleza nyanya zinavyowahi kulainika siku hizi kabla tenga halijafika nusu. Muuza masweta anaizungumzia Juni kwa matusi. Muuza miavuli mmoja aliniambia kwa uchungu kabisa, "Zamani mvua ilikuwa na ratiba, mama. Siku hizi inaninyeshea nikiwa nimepanga kofia za jua." Huyo anaijua tabianchi kuliko mimi, ila hajui kama ndiyo inaitwa hivyo. Nilijisikia raha sana siku hizo. Nilijiona Mama Nkya mwenyewe.

Sasa njooni kwenye mtaa wa wauza vitambaa.

Ni mtaa ulioinama kidogo, maji yote ya barabarani yanaelekea huko, na hali ya mitaro yetu mnaijua. Maduka yake ya jumla yana stoo za chini. Unashuka ngazi nyembamba, unajikuta katikati ya robota, yale mafurushi makubwa ya vitenge na mashuka yaliyobanwa kwa mikanda. Wapagazi wanapanda na kushuka humo siku nzima. Tukauliza duka la kwanza kama mvua kubwa zinawatisha. "Hapa kwangu maji hayaingii. Sina wasiwasi." Duka la pili, hivyo hivyo. Mpaka la mwisho, mtaa mzima hauna wasiwasi.

Mzee Awadhi nilimhoji mwenyewe. Ndilo jina nililowaahidi. Babu yake alitoka Arabuni, yeye kazaliwa ghorofa ya juu ya duka lile lile, na hajawahi kulala mtaa mwingine ila alipokwenda kuhiji. Nilimkuta na wateja wawili kutoka Tunduma wamekaa kwenye vibao wanapapasa vitenge. Nikauliza swali langu kwa sauti nzuri, kama nilivyofundishwa. Akanijibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara: "Kwangu maji hayaingii, Bi Tausi! Kwangu pakavu, wallahi!" Nikabonyeza "sina wasiwasi," nikashukuru, nikamaliza kahawa yake, nikaondoka na kiburi changu.

Dokta Kisanga akaandika ripoti: wafanyabiashara wa maduka ya jumla hawaoni hatari, na maji hayawafikii, nguvu zote zielekezwe mabondeni. Chini yake ikawekwa sahihi ya msimamizi wa wadadisi. Sahihi ile ni yangu. Ripoti ilikuwa ipokelewe Alhamisi, kwenye jengo moja la maofisi Posta, mbele ya wale wanaopanga tahadhari.

Jumatatu ya wiki hiyo nikarudi kwa Mzee Awadhi, si kikazi. Mpwa wangu alikuwa na shughuli, nikatumwa kutafuta sare. Nikapenda kitenge kimoja cha kijani, ila dukani hakikutosha. Akaniambia, "Vijana wamekwenda kula. Shuka mwenyewe, robota la tatu kulia, kipo."

Nikashuka. Jamani.

Kila robota lilikuwa limekaa juu ya matofali. Yale madogo mekundu ya kuchoma, yamelazwa mstari juu ya mstari, mafundi wanaita kozi. Nikahesabu kozi sita. Ukuta ulikuwa na rangi mpya, lakini nusu ya chini tu. Swichi ya taa ilikuwa imehamishwa juu kabisa, karibu na dari, mpaka uivute kwa uzi. Na kwenye chuma cha ngazi kulikuwa na kamba nene iliyosokotwa kwa mikanda ya robota, imefungwa fundo la mtu aliyekusudia. Nilisimama pale nikazihesabu kozi upya. Kitenge nikakisahau.

Mzee Awadhi akashuka kunitafuta. Nikamwambia, "Mzee, umenidanganya."

"Sijakudanganya. Umeniuliza, nimekujibu."

"Ulisema maji hayaingii!"

"Uliniuliza mbele ya nani?" Akanitazama kwa hasira. "Mbele ya watu wa Tunduma! Mwanangu, wale wakisikia robota langu limeguswa na maji, nimekwisha. Hata kitenge kilichotoka bandarini jana wataita mali ya maji. Jirani yangu hapa aliropoka siku moja mbele ya wateja. Leo anauza juisi."

Nikashika ile kamba. "Na hii?"

Hasira ikamtoka usoni. Akakaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaiweka gotini. "Hiyo ya Mashaka," akasema.

Mashaka ni mpagazi wake wa miaka mingi. Masika moja mvua ilishuka mchana, ghafla, Mashaka akiwa chini anapanga mzigo. Maji yakateremka kwa ngazi, mlango wa chini ukajibana ukagoma kufunguka. "Tulimtoa kwa kidirisha kile cha hewa, mimi na majirani, tunamvuta kwa mikanda ya robota. Ametoka anatapika maji ya barabarani. Ana watoto, Bi Tausi. Mkewe ananiita baba. Ningesimama mlangoni kwake niseme nini?" Akalia, mzee mzima, na mimi nikalia naye.

Akaniambia tangu siku hiyo wingu jeusi likisimama upande wa Bandari, yeye anatoa watu wote chini, mteja awepo asiwepo. Lakini maduka mengine wanangoja hadi watangaziwe. "Na wanaotangaza," akasema, "hawajawahi kututaja sisi. Wanataja mabonde tu. Basi watu wanabaki chini."

Mnaelewa sasa? Ripoti yenye sahihi yangu ilikuwa inakwenda kuwaambia wanaotangaza waendelee kutoutaja mtaa ule. Wapagazi wa maduka mengine ya mtaa ule wangeingia masika wakiwa chini, kwa sababu Tausi aliuliza swali mbele ya watu wa Tunduma. Mama Nkya aliniambia siku ya kwanza kabisa, na mimi nikaitikia ndiyo mama.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Dokta Kisanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ripoti ni mbovu."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Mama, imeshachapwa."

"Basi imechapwa mbovu."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akashika kichwa. "Mama, wale wakubwa wakisikia sehemu moja ina makosa, watasema kazi yote ya ovyo. Na sahihi ni yako. Unastaafu mwezi huu. Kweli unataka kuondoka na doa?"

"Doa, mwanangu, ni mtu kufia chini ya robota huku jina langu linasema pakavu."

Akaangalia kalenda, akaniangalia mimi. "Una kesho na keshokutwa," akasema.

Siku mbili za kufuta kazi ya miezi. Na milango yote ile imeshanijibu. Nikarudi kwa Mzee Awadhi kumwomba anitembeze kwa wenzake. Akakataa. Nikaomba tena. Akakataa, akaniletea kahawa. Nikaishika ile kahawa, nikailea, mpaka akachoka mwenyewe. "Kwa sharti," akasema. "Jina langu lisiandikwe. La duka lisiandikwe, la mtaa lisiandikwe. Na hakuna kuuliza mbele ya mteja." Nikaapa.

Jumanne na Jumatano tukapita, yeye mbele na bakora yake, mimi na wadadisi wangu nyuma. Mlangoni mwa duka anasema maneno matatu tu: "Huyu ni wetu." Tunasubiri mteja wa mwisho atoke, tunashuka stoo, na hatuulizi kitu. Tunahesabu. Huyu kozi nne, yule tano, mwingine ameweka makreti ya soda badala ya matofali. Tukishahesabu ndipo nauliza, taratibu, huko huko chini: "Haya matofali ni ya nini?"

Midomo ikafunguka. Wakasema mvua za siku hizi si zile za baba zao, kwamba zinashuka zote kwa pamoja kama mtu amemwaga ndoo. Wakasema wanapoamka wanatazama juu kabla ya kutazama simu. Mama mmoja wa Kichaga, ambaye wiki chache nyuma alinijibu huku amenipa mgongo, alisimama kati ya marobota yake akauliza, "Kwani na wengine wanaingiliwa na maji?" Nikamwambia siwezi kusema la mtu. Akatazama karatasi yangu niliyoandika matofali, bila majina, kozi, kozi, kozi, ukurasa mzima. Akasema polepole, "Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu."

Vijana, niliuzunguka mji huu miaka mingi, na sentensi ile ndiyo bora niliyowahi kuandika. Mtaa mzima unaogopa, kila mmoja anaficha na jirani yake, na sisi wenye vishikwambi tunaandika hakuna anayeogopa!

Alhamisi nikavaa gauni langu la maana, nikabeba kikapu, nikaenda Posta. Mlinzi wa getini akanisimamisha.

"Mama, kwenye kikapu mna nini?"

"Ripoti."

Akafunua. "Mama, hili ni tofali."

"Ndiyo ripoti yenyewe."

Akaniangalia, akaangalia tofali, akaniandikia kadi ya mgeni. Mpaka leo sijui aliandika nini kwenye kile kitabu chake.

Chumba kilikuwa cha baridi, meza inang'aa, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Dokta Kisanga akasema msimamizi wa wadadisi ana jambo. Nikasimama, nikalitoa tofali alilonipa Mzee Awadhi kutoka stoo yake, nikaliweka juu ya meza ile. Bosi mmoja akasogeza kikombe chake haraka. Nikasema, "Wakubwa, shikamooni. Ripoti mliyonayo, sehemu ya maduka ya jumla, si ya kweli, na kosa ni langu, si la wadadisi wala la Dokta. Nimeuliza watu jambo la aibu mbele ya wateja wao. Midomo yao ilisema hawana wasiwasi. Wasiwasi wao niliukuta chini ya mzigo, una kozi sita." Kisha nikawasomea ile karatasi ya matofali, moja baada ya nyingine.

Nilijua naweza kutoka pale naitwa mzembe. Yule bosi aliyesogeza kikombe akalishika tofali, akaligeuza, akaona alama ya maji ubavuni, akaliweka chini taratibu. "Tuanze upya na sehemu hiyo," akasema. "Mama, tuwaambieje?"

Nilikaa kwenye kiti kile nikatamani Mama Nkya angekuwepo.

Mtaalamu wa matangazo akapendekeza: wafanyabiashara wenye stoo zinazoingia maji wachukue tahadhari. Nikamwambia, baba, hapo hatatoka hata mmoja, maana atakayetoka amejitangaza. Sema stoo zote za chini. Zote, bila kuchagua, hata iliyo kavu. Hilo nilifundishwa na Mzee Awadhi tukitembea: ukiwapa watu wote amri moja, hakuna anayeumbuka kwa kuitii. Na tusitangaze kwa redio peke yake, maana Kariakoo nani anasikia redio? Tutumie vipaza sauti vya wamachinga, vile vinavyoimba bei za viatu kutwa nzima. Maneno yakakatwa, yakakatwa, yakabaki haya: "Wingu limesimama. Stoo zote za chini, watu juu, mzigo juu." Hakuna tabianchi humo, hakuna changamoto. Dokta Kisanga alihuzunika kidogo kwa ajili ya lile neno lake, lakini akakubali.

Mvua ilikuja wiki yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimekwenda Kariakoo kuaga, nakula mihogo kwa mama mmoja, nikaona upande wa Bandari kumekuwa kweusi. Kipaza sauti kimoja kikakatisha bei ya viatu katikati: wingu limesimama. Kikaitikia cha pili, cha tatu, mtaa hadi mtaa. Nikanyanyuka na mhogo wangu mkononi. Wapagazi wakaanza kutoka chini, mmoja mmoja, wanapiga mluzi, wanataniana, hakuna anayekimbia wala anayejificha, kwa sababu ilikuwa zamu ya wote. Wakajazana vibarazani. Kisha mvua ikashuka, na maji yakajaa barabara mpaka magotini, yakateremka kila ngazi ya mtaa ule. Chini hakukuwa na mtu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mzee Awadhi. Duka limejaa wateja, watu wa mikoani, na wale wawili wa Tunduma wamo. Mashaka yuko mlangoni anafyonza maji kwa tambara, akaniamkia. Mmoja wa wale wa Tunduma akauliza kwa sauti, kama mtu anayenusa: "Mzee, hivi jana maji hayakuingia humu kwako?"

Wateja wakaacha kupapasa vitenge. Hata jirani mwenye duka la ng'ambo akaacha kufagia. Mzee Awadhi akanitazama mimi, kisha akamtazama Mashaka. Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimeshaliandika mara moja.

"Yaliingia," akasema. "Kozi ya nne. Mzigo uko ya sita, na watu wangu walikuwa hapa juu wanakunywa kahawa. Shuka ukaone."

Yule mtu akashuka. Akakaa huko, tukasikia anapigapiga robota. Akapanda, akasema, "Pakavu. Nitolee yale ya kijani." Na jirani wa ng'ambo, jamani, akapaza sauti na ufagio wake: "Na kwangu yaliingia! Kozi ya tatu!"

Nilisimama pale kama mjinga, machozi yananitoka, najivuna mpaka kifua kinauma. Nikamwuliza Mzee Awadhi kwa sauti ya kikazi, "Mzee, jibu hilo nikuandike?"

"Andika."

"Na lile sharti letu?"

Akavaa kofia yake vizuri, akageukia wateja wake wote, akasema, "Andika na jina."